Sir Charles Bell na Neva Mbili za Uso

Mtahiniwa, katika mada ya uratibu umesoma kwamba mfumo wa neva una sehemu mbili: mfumo mkuu, yaani ubongo na ugwe wa mgongo, na mfumo wa pembezoni, yaani neva zinazotoka humo kwenda sehemu zote za mwili. Jozi 12 za neva hutoka moja kwa moja kwenye ubongo na kupita katika matundu ya fuvu. Hizo huitwa neva za fuvu.

Watahiniwa wengi hukariri majina ya neva hizi kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Kisha swali huja kwa namna nyingine: mgonjwa hawezi kufumba jicho la kulia na mdomo wake umepinda, taja neva iliyoharibika na utoe sababu. Hapo aliyekariri orodha hukwama. Ili usikwame, soma maisha ya mtu aliyejiuliza swali hilo wakati ambapo hapakuwa na kitabu chenye jibu lake. Mtu huyo ni Charles Bell. Alipata sehemu kubwa ya jibu, akakosea sehemu nyingine, na makosa yake yana funzo kwako kama yalivyo mafanikio yake.

KUZALIWA NA ELIMU

Charles Bell alizaliwa Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, mwezi Novemba 1774. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa lenye waumini wachache, na kipato chake kilikuwa kidogo. Baba huyo alifariki mwaka 1779, Charles akiwa bado mtoto mdogo. Mama ndiye aliyemlea na kumfundisha kusoma. Mama huyo pia alimfundisha kuchora, na baadaye mchoraji David Allan alimwongezea ujuzi huo. Shika jambo hili la kuchora, kwa maana litarudi mara kwa mara katika maisha yake.

Kaka zake walifika mbali. George Joseph Bell alikuwa profesa wa sheria. John Bell, aliyemzidi Charles miaka 11, alikuwa daktari mpasuaji na mwalimu wa anatomia, akiendesha shule yake mwenyewe mjini Edinburgh. Charles alijifunza kwa John huku akisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alikuwa akipasua maiti, akichora alichokiona, na kuwafundisha wanafunzi wenzake. Mwaka 1798, akiwa bado mwanafunzi, alianza kutoa kitabu cha upasuaji wa maiti chenye michoro ya mkono wake. Mwaka uliofuata, 1799, alipokelewa katika Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Edinburgh.

KUFUNGIWA MLANGO WA HOSPITALI

Wakati huohuo ulizuka ugomvi mkali kati ya kaka yake John na profesa wa tiba James Gregory. Ugomvi ulihusu nani aruhusiwe kufanya upasuaji katika hospitali kuu ya mji. Mwishowe idadi ya wapasuaji ilipunguzwa, na ndugu hawa wawili wakaachwa nje. Charles hakuwa ameanzisha ugomvi huo, lakini alilipa gharama yake. Alijitolea kulipa gini 100 kila mwaka na kuitoa makumbusho yake ya vielelezo, alimradi aruhusiwe kuchora magonjwa anayoyaona hospitalini. Alikataliwa.

Daktari mpasuaji asiye na hospitali ni kama mvuvi asiye na chombo. Mwaka 1804 Charles alifunga safari kwenda London, mji ambao hakuwa na ndugu wala kazi ya kumsubiri. Alikodi nyumba, akafundisha anatomia humo, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo wachoraji waliotaka kuujua mwili. Mwaka 1806 alitoa kitabu kuhusu anatomia ya hisia zinavyoonekana usoni, akieleza ni misuli ipi inayofanya kazi mtu anapocheka, anapolia au anapoogopa. Kitabu hicho kilisomwa miaka mingi baadaye na Charles Darwin alipokuwa akichunguza habari hiyohiyo.

Kitabu cha wachoraji kilimwachia Bell swali la kisayansi: misuli ya uso ni mingi na midogo, na hutenda kwa pamoja mtu anapocheka. Je, inapokea amri kupitia neva ipi?

VITA NA MAJERUHI

Mwaka 1809 majeshi ya Uingereza yalirudi kutoka vita vya Corunna, Hispania, yakiwa na majeruhi wengi. Bell alikwenda pwani ya kusini kuwahudumia. Mwaka 1815, baada ya vita vya Waterloo, alisafiri hadi Brussels pamoja na shemeji yake, John Shaw, akafanya upasuaji siku nyingi mfululizo. Alichora majeruhi hao kwa rangi za maji, na michoro hiyo imehifadhiwa hadi leo.

Kwa nini habari hii iwekwe katika somo la neva? Risasi au upanga ukikata neva moja, askari hupoteza kazi moja: pengine hawezi kunyanyua mkono lakini bado anahisi akiguswa, au kinyume chake. Jeraha humwonyesha daktari kile ambacho neva nzima haikionyeshi. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kuweka kichwani: kazi ya neva huonekana wazi zaidi pale neva hiyo inapoharibika.

NEVA ZILIVYOJULIKANA KABLA YAKE

Wakati wa Bell, wataalamu walikuwa wamekwisha kuzihesabu neva za fuvu kwa njia tofauti. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alihesabu jozi saba. Mwaka 1664 Mwingereza Thomas Willis alihesabu jozi tisa. Mwaka 1778 Mjerumani Samuel Thomas Soemmerring alizipanga katika jozi 12, na mpangilio huo ndio unaousoma wewe. Hata hivyo Waingereza wengi waliendelea na hesabu ya Willis. Katika hesabu hiyo neva ya uso na neva ya kusikia zilikuwa jozi moja, ya saba, yenye sehemu ngumu na sehemu laini.

Kuhesabu lilikuwa jambo moja, kujua kazi lilikuwa jingine. Wengi waliamini kwamba neva zote ni za namna moja, na kwamba neva ileile hupeleka amri kwenye misuli na kurudisha hisia kwenye ubongo. Uso ulikuwa fumbo kubwa kuliko sehemu nyingine. Kila upande wa uso hupata matawi kutoka kwa neva mbili kubwa: neva ya tano, inayoitwa trijemina kwa sababu ina matawi matatu, na neva ya saba, yaani neva ya uso. Ikiwa neva zote zinafanya kazi moja, kwa nini uso upewe mbili?

KIJITABU CHA MWAKA 1811

Mwaka 1811 Bell alimwoa Marion Shaw. Mwaka huohuo alichapisha kijitabu chenye wazo jipya kuhusu anatomia ya ubongo. Hakukiuza. Alichapa nakala 100 tu na kuwagawia marafiki na wataalamu.

Humo alieleza majaribio juu ya mizizi ya neva za ugwe wa mgongo. Kumbuka kwamba kila neva ya ugwe huanza na mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma. Bell aligusa mzizi wa mbele wa mnyama, misuli ikashtuka mara moja. Alipokata mzizi wa nyuma, misuli haikushtuka. Basi mizizi hii miwili haifanyi kazi moja. Lilikuwa wazo kubwa.

Lakini angalia alivyolifafanua. Alidhani mzizi wa mbele unatumikia serebramu, kwa mwendo na hisia pia, na kwamba wa nyuma unatumikia serebelamu, kwa mambo yanayotendeka bila hiari. Hakusema wazi kwamba mzizi wa nyuma ni wa hisia. Sababu mojawapo ni hii: Bell alichukia kuwatesa wanyama, kwa hiyo alitumia sungura aliyekwisha kupigwa akazimia. Mnyama aliyezimia haonyeshi maumivu. Jaribio lake liliweza kuonyesha mwendo, lakini halikuweza kuonyesha hisia.

PUNDA NA NEVA MBILI ZA USO

Mwaka 1812 Bell alipata sehemu ya umiliki wa shule maarufu ya anatomia katika mtaa wa Great Windmill, London, na baadaye akawa mpasuaji wa Hospitali ya Middlesex. Sasa alikuwa na wagonjwa, maabara, na msaidizi mwaminifu, John Shaw. Mwaka 1821 aliwasilisha taarifa yake kuhusu neva mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London.

Katika taarifa hiyo alieleza majaribio juu ya uso wa punda. Alipokata neva ya saba upande mmoja, pua ya upande ule iliacha kutanuka mnyama alipovuta pumzi, na midomo ikalegea. Lakini ngozi iliendelea kuhisi. Kwa kuwa aliona pua ikiacha kutanuka, aliiita neva hiyo neva ya upumuaji ya uso. Alipokata tawi la neva ya tano linalokwenda kwenye mdomo wa juu, hisia ya ngozi ilipotea.

Jibu la fumbo likaanza kupatikana. Uso una neva mbili kwa sababu una kazi mbili. Neva ya saba huuendesha uso, na neva ya tano huuhisi.

Bell alithibitisha hayo kwa wagonjwa. Miongoni mwao alikuwamo mtu aliyechomwa na pembe ya ng'ombe dume chini ya sikio, mahali neva ya saba inapotokea kwenye fuvu. Upande huo wa uso ukapooza kabisa: nyusi hazikupanda, jicho halikufumba, mdomo ulivutwa upande mzima. Lakini mtu huyo alihisi kila alipoguswa kwenye shavu hilohilo.

KOSA LA BELL

Sasa soma kwa makini, kwa sababu hapa pana swali la mtihani. Punda aliyekatwa tawi la neva ya tano alipowekewa nafaka hakuiokota kwa midomo yake. Bell akahitimisha kwamba neva ya tano ndiyo inayoendesha midomo wakati wa kula.

Alichokiona kilikuwa kweli: punda hakuokota nafaka. Alichohitimisha hakikuwa kweli. Tawi lile ni la hisia tupu. Punda hakushindwa kusogeza midomo. Hakuhisi kwamba midomo imegusa nafaka. Fikiria mtu aliyechomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, anavyomwagikiwa na chai asijue. Midomo yake haijapooza, imekosa taarifa.

Herbert Mayo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Bell, alirudia majaribio hayo na kusahihisha hitimisho hilo. Mwalimu mwenye jina kubwa alirekebishwa na kijana aliyefundishwa naye. Neva ya tano ina sehemu ya mwendo kweli, lakini sehemu hiyo huendesha misuli ya kutafuna, si misuli ya midomo na ya tabasamu.

UGOMVI NA MAGENDIE

Mwaka 1822 Mfaransa François Magendie alikata mizizi ya ugwe wa mgongo wa watoto wa mbwa walio hai. Alipokata mzizi wa nyuma, mguu ulipoteza hisia lakini ulisogea. Alipokata wa mbele, mguu ulipooza lakini ulihisi. Akatangaza waziwazi: mzizi wa mbele ni wa mwendo, wa nyuma ni wa hisia.

Bell na wafuasi wake walidai kwamba ugunduzi huo ulikuwa wao tangu 1811. Magendie alikiri kwamba Bell alitangulia kuigusa mizizi hiyo, lakini akasema jibu kamili ni lake. Bell alipochapisha upya taarifa zake mwaka 1824, baadhi ya maneno yalikuwa yamebadilishwa, yakawa karibu zaidi na ukweli uliojulikana baada ya Magendie. Wanahistoria wamezilinganisha nakala hizo na kuona tofauti. Jambo hilo limeacha doa katika jina lake.

Kwa upande mwingine, Magendie alilaumiwa sana Uingereza kwa ukatili wake kwa wanyama, na lawama hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu siku hizo hapakuwa na dawa ya usingizi. Mmoja aliwahurumia wanyama akakosa sehemu ya jibu. Mwingine alipata jibu kwa mateso ya wanyama. Leo kanuni hiyo inaitwa kwa majina yao yote mawili, kanuni ya Bell na Magendie. Ndiyo unayoitumia unapochora njia ya rifleksi: taarifa huingia kwa mzizi wa nyuma na amri hutoka kwa mzizi wa mbele.

FAIDA KWA WAGONJWA

Usidhani kwamba huu ulikuwa ubishi wa wasomi tu. Kuna ugonjwa wa neva ya tano unaoleta maumivu makali ya ghafla usoni, kama mshtuko wa umeme. Kabla ya kazi ya Bell, baadhi ya wapasuaji walijaribu kuutibu kwa kukata neva ya saba. Mgonjwa aliingia na maumivu, akatoka na maumivu yaleyale, na juu yake uso uliopooza maisha yake yote. Mara ilipojulikana kwamba neva ya saba si ya hisia za ngozi ya uso, hapakuwa tena na sababu ya kuikata kwa ajili ya maumivu hayo.

Jina la Bell limebaki katika ugonjwa mwingine, kupooza kwa Bell. Hakuwa wa kwanza kueleza uso uliopooza. Al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10, aliandika juu yake zamani. Mchango wa Bell ulikuwa kuonyesha neva inayohusika.

Katika ugonjwa huu neva ya saba huvimba ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, ikabanwa. Nusu ya uso hupooza kwa muda wa saa chache au siku mbili tatu. Jicho halifumbi, mate hutiririka pembeni mwa mdomo, na mgonjwa hawezi kupiga mluzi. Kwa kuwa neva hiyo hubeba pia ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi, ladha inaweza kupungua. Kwa kuwa huendesha msuli mdogo unaopunguza kishindo ndani ya sikio, sauti za kawaida zinaweza kuonekana kubwa mno.

Huenda mtaani kwenu umesikia mtu wa namna hii akisemwa kuwa amepigwa na upepo mbaya au amerogwa. Huo ni ugonjwa wa neva. Wagonjwa wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache, na dawa husaidia zaidi zikianza ndani ya siku tatu za mwanzo. Jicho lisilofumba lazima lilindwe lisikauke.

Kiharusi nacho hupindisha uso, na tofauti yake na kupooza kwa Bell huulizwa mara kwa mara. Mwambie mgonjwa apandishe nyusi. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa kawaida kiharusi huharibu upande mmoja wa ubongo, kwa hiyo paji bado hukunjamana na ni sehemu ya chini ya uso tu inayolegea. Neva yenyewe ikiharibika, amri za pande zote hukatika, na paji halikunjamani. Kipimo hiki ni cha kuelewa somo. Mtu yeyote anayepinda uso ghafla apelekwe hospitali bila kuchelewa.

HESHIMA NA MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1824 Bell alifanywa profesa katika Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha London. Mwaka 1825 aliuza makumbusho yake ya vielelezo kwa Chuo cha Wapasuaji cha Edinburgh, mji uleule uliomnyima nafasi ya hospitali. Mwaka 1829 alipewa Nishani ya Kifalme ya Jumuiya ya Kifalme, na mwaka 1831 akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1833 alitoa kitabu chake kuhusu mkono wa binadamu, kilichopendwa na wasomaji wengi.

Mwaka 1836 alirudi Edinburgh kuwa profesa wa upasuaji, miaka 32 baada ya kuondoka. Hakukaa huko muda mrefu. Tarehe 28 Aprili 1842, akiwa safarini kuelekea London, alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Hallow, karibu na Worcester, akazikwa papo hapo. Alikuwa na miaka 67. Yeye na Marion hawakujaliwa mtoto.

MUHTASARI WA NEVA 12 ZA FUVU

Sasa zisome neva zote kwa njia ya Bell: kazi kwanza, kisha kinachopotea.

1. Neva ya kunusa. Hubeba harufu. Ikiharibika, mtu hanusi, na chakula huonekana kukosa ladha.
2. Neva ya kuona. Hubeba taarifa kutoka retina. Ikikatika, jicho hilo huwa pofu.
3. Neva ya kuendesha jicho. Huendesha misuli mingi ya jicho, hunyanyua kope na kubana mboni. Ikiharibika, kope huanguka, mboni hutanuka, na jicho huelekea nje na chini.
4. Neva ya troklea. Huendesha msuli mmoja unaoteremsha jicho. Ikiharibika, mtu huona vitu viwiliviwili hasa anaposhuka ngazi.
5. Neva ya trijemina. Huhisi uso na huendesha misuli ya kutafuna. Ikiharibika, uso hufa ganzi au kutafuna huwa dhaifu.
6. Neva ya kupeleka jicho nje. Ikiharibika, jicho halielekei upande wa sikio.
7. Neva ya uso. Huendesha misuli ya sura, hubeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, huchochea machozi na mate. Ikiharibika, nusu ya uso hupooza.
8. Neva ya kusikia na msawazo. Ikiharibika, huleta uziwi, kelele sikioni au kizunguzungu.
9. Neva ya ulimi na koo. Hubeba ladha ya theluthi ya nyuma ya ulimi na hisia za koo. Ikiharibika, kumeza huwa kugumu.
10. Neva ya vegasi. Huenda kwenye koo, zoloto, moyo, mapafu na tumbo. Ikiharibika, sauti hukwaruza na kumeza husumbua.
11. Neva ya ziada. Hugeuza kichwa na kunyanyua bega. Ikiharibika, bega hushuka.
12. Neva ya chini ya ulimi. Huendesha ulimi. Ikiharibika upande mmoja, ulimi ukitolewa hupinda kuelekea upande ulioharibika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini kila upande wa uso unahitaji neva ya tano na neva ya saba. (alama 4)
2. Punda aliyekatwa tawi la neva ya tano hakuokota nafaka. (a) Bell alihitimisha nini? (b) Toa maelezo sahihi. (alama 4)
3. Sungura aliyezimia alifaa kuonyesha mwendo lakini si hisia. Fafanua. (alama 3)
4. Mgonjwa amepinda mdomo lakini anakunja paji la uso pande zote mbili. Je, kasoro iko kwenye neva ya saba au kwenye ubongo? Toa sababu. (alama 3)
5. Mgonjwa akitoa ulimi unapinda kushoto. Taja neva na upande ulioharibika. (alama 2)

Unapojibu swali la pili, andika kwanza kilichoonekana, kisha maana yake, kila kimoja katika sentensi yake. Bell alipoteza alama hapo, na aliyemsahihisha alikuwa mwanafunzi wake.